Tarjumani wa Kwanza

"Maalim, mashine hii haiwezi kuingia mtandaoni mpaka ipate draiva ya kadi yake, na draiva yenyewe iko huko huko mtandaoni."

Ndivyo alivyoniambia kijana mmoja wa mtaani kwetu alasiri moja, akiwa amepiga magoti nyuma ya meza ya maktaba ya chuo, ncha ya waya mkononi na vumbi la miaka mabegani. Na alipokwisha kusema akainuka, akajipangusa, akaenda zake nyumbani kutafuta dawa ya maradhi hayo, asijue kwamba kwa maneno yale machache alikuwa amenitamkia mushkili uliowakeshesha wanahikima wa Uyunani na maulamaa wa Baghdad na wa Andalusi, yaani: mtu asiye na ujuzi ataufikiaje ujuzi, ikiwa njia ya kuufikia ni ujuzi wenyewe? Nilibaki pale peke yangu mbele ya mashine iliyonyamaza, na kwa muda wa saa nzima, hata adhana ya magharibi ilipokaribia, sikuwa na fikira nyingine.

Yapasa nieleze hali ya mashine, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama juu yake. Ni kompyuta ya mezani, kongwe, nayo ina kazi moja tu chuoni petu: kutunza orodha ya vitabu na miswada ambayo wazee wetu waliiweka wakfu, kwa programu ambayo mtungaji wake amekwisha tutangulia mbele ya haki, na ambayo haikubali kufanya kazi chini ya mfumo wowote uliokuja baada ya Windows XP. Diski yake ilipokufa tulitia nyingine, na mfumo ule ule tukausimika upya kutoka katika sahani yake ya asili, yaani CD. Sasa, mfumo huo ulitoka kwa watu mwezi wa Oktoba 2001, na tarehe 8 Aprili 2014 waliouunda walikoma kuutunza. Nayo kadi ya mtandao iliyounganishwa juu ya bodi ya mashine yetu ni kazi ya nyumba ya Realtek ya Taiwan, aina ya 8168, ambayo sahani ile ilipokuwa ikitayarishwa ilikuwa haijazaliwa. Kaka yake, yule wa aina ya 8139, mfumo unamjua tangu siku ya kwanza, maana habari zake zimo ndani ya sahani. Lakini huyu mdogo alikuja baada ya kitabu kufungwa, na jina lake halimo.

Mafundi wetu husema draiva, na wengine huandika kiendeshi. Walakini mimi, kwa kadiri nilivyofahamishwa kazi yake, naona jina linalomstahili ni tarjumani. Kadi haijui barua wala kitabu. Ijuacho ni visanduku vidogo vya namba vilivyomo tumboni mwake, ambavyo ukiandika namba fulani katika kisanduku fulani, umeme hutoka ukashika njia ya waya, na ukikisoma kisanduku kingine utajua kwamba kuna kilichowasili. Mfumo nao haujui visanduku hivyo. Ujuacho ni kusema, peleka fungu hili, nipokelee fungu lile, kwa mkataba mmoja uitwao NDIS, ambao Microsoft na 3Com waliuandika ili kila kadi, itokayo kwa yeyote, isemeshwe kwa namna moja. Kati ya pande hizi mbili, ambazo kila mmoja ni mzima kwa dhati yake, hapana mawasiliano hata chembe mpaka aingie wa tatu anayezijua lugha zote mbili. Kijana alipochomeka waya nyuma ya mashine, kijitaa cha kadi kiliwaka kijani. Sikio lilikuwa zima, sauti ilikuwa ikilifikia, na aliyeketi ndani hakusikia neno.

Na kwa kuwa tumefika kwenye habari ya wasita, si vibaya kukumbusha kwamba mtandao wa waya wa namna hii, uliobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs mwaka 1973 katika maabara ya Xerox kule California, uliitwa etheneti kwa ukumbusho wa etha, kitu ambacho wataalamu wa karne ya 19 walidhani kimeujaza ulimwengu wote ili kuibeba nuru, mpaka wanafizikia Michelson na Morley walipokitafuta mwaka 1887 wasikione. Etha ikafa, jina likabaki. Na haja iliyowafanya watu waidhanie, haja ya kitu cha katikati kinachopokea huku na kukabidhi kule, haikufa pamoja nayo.

Wanazuoni wa ilmu ya kalam wana maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa tauhidi huyasikia mapema, akayahifadhi, na aghalabu asiyaelewe mpaka ndevu zimeota mvi: dauri na tasalsuli. Dauri ni kitu hiki kutegemea kile kiwe, na kile kutegemea hiki kiwe, hata visiwe vyote viwili; na tasalsuli ni hiki kutegemea kile, na kile kutegemea kingine, na kingine kingine, bila kikomo. Yote mawili yamehukumiwa kuwa ni batili, na hukumu hiyo mimi nilifundishwa kwa mifano ya kuku na yai na ya askari wasiofyatua risasi mpaka wapate amri ya aliye nyuma yao. Sikupata kuiona dauri kwa macho yangu, imekaa juu ya meza na kuvuma kwa sauti ya feni, ila siku ile. Mtandao haupatikani ila kwa draiva. Draiva haipatikani ila kwa mtandao. Na mashine, lau ingeachwa peke yake na umeme wake mpaka siku ya ufufuo, isingetoka katika duara hiyo kwa hatua moja.

Kijana aliivunja dauri kwa miguu yake. Alikwenda kwao, akafungua mashine yake mwenyewe iliyokuwa tayari na njia ya kutokea, akaichukua draiva kutoka kwa walioiunda kadi, akaitia katika flashi, akaja nayo mfukoni. Hapo mtu mwenye haraka atasema kwamba mushkili umekwisha. Haukuisha, umehamia kwa mwingine, kwa sababu mashine ya kijana nayo ilipata kuwa bubu siku moja, na kuna aliyeipelekea tarjumani wake, na huyo pia alipelekewa. Tena hata flashi yenyewe, inayoonekana kama kijiti tu cha kuchukulia mzigo, si kitu ambacho kila mashine huitambua. Windows XP huijua bila kufundishwa. Lakini Windows 98, iliyotoka mwaka 1998, haikuijua, na flashi za siku zile zilikuja pamoja na draiva zao juu ya sahani. Na mtu aliyetaka kuusimika mfumo huo juu ya diski tupu aghalabu alihitaji kwanza disketi yenye draiva ya kusomea sahani. Na disketi ilisomwa na programu ndogo iitwayo BIOS. Nayo BIOS haikusomwa kutoka popote pengine, ilikuwa imechomwa ndani ya chipu kiwandani kabla mashine haijapakiwa katika sanduku. Umeme ufikapo, prosesa ya ukoo wa Intel huchukua amri yake ya kwanza mahali pamoja palipokwisha kuainishwa, baiti 16 kabla ya ukomo wa anwani zake 4,294,967,296. Nayo haikupachagua mahali hapo, wala haikupatafuta, wala haiwezi kuuliza kwa nini ni pale.

Najua wako wenzangu ambao, wakifika hapa, wataruka kwa furaha na kusema kwamba tumeona burhani ya Muumba ndani ya kompyuta. Mimi namwamini Muumba, na imani yangu haikungoja ushahidi wa chipu. Kwa ajili hiyo sitaki kuiegemeza juu ya kitu kitakachoteleza. Chipu iliandikwa na watu, na watu wale walifundishwa na watu, na mwenye kubisha anaweza kunifuata nyuma hatua kwa hatua bila kukubali nilipotaka afike. Ninalolichukua kutoka kwa mashine ni dogo kuliko hilo, nalo naona halipingiki: katika historia yake yote, kuanzia amri ile ya kwanza hadi draiva ya mwisho, hapana hata mara moja ambapo ilipata uwezo wa kupokea kwa juhudi ya kupokea. Kila mlango ulifunguliwa na aliyekuwa ng'ambo ya pili. Ikiwa hali ndiyo hiyo kwa chombo, basi na iulizwe kwa mwanadamu, si kwa kumfananisha na chombo, bali kwa sababu swali ni lile lile.

Liliulizwa zamani. Katika mazungumzo ambayo Aflatuni aliyaandika na kuyapa jina la Menoni, kijana huyo Menoni anamkabili Sukrati kwa hoja ya kumziba kinywa: kwamba mtu hawezi kukitafuta anachokijua, kwa kuwa anacho, wala hawezi kukitafuta asichokijua, kwa kuwa hata akikutana nacho hatajua kuwa ndicho. Sukrati anamwita mtumwa asiyesoma, anamchorea mraba, na kwa maswali tu anamwongoza mpaka aone jinsi ya kupata mraba wenye ukubwa maradufu. Kisha anahitimisha kwamba roho ilijua yote kabla ya kuzaliwa, na kwamba kujifunza ni kukumbuka. Nimelisoma jawabu hilo mara nyingi, na kila mara limeniacha na njaa, kwa sababu linaondoa mushkili hapa na kuuweka kabla ya kuzaliwa: roho ile nayo ilijifunzia wapi?

Mashine yetu ilinipa jawabu lililonikidhi zaidi. Katika orodha ya vifaa vyake, mahali ambapo kadi ingepaswa kutajwa kwa jina, palikuwa na alama ya kuuliza ya rangi ya manjano, na chini yake maneno kwamba draiva za kifaa hiki hazikuwekwa, kosa namba 28. Kijana alifungua ukurasa mwingine akanionyesha mstari mmoja wa herufi na namba: PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Akanieleza kwamba kila kadi ya ukoo huu imewajibishwa kuwa na visanduku vichache ambavyo yeyote anaweza kuvisoma kwa namna moja, kadi iwe ya mtandao, ya sauti au ya picha, na ndani ya visanduku hivyo mna namba mbili: moja ya nyumba iliyoiunda, ambayo kwa Realtek ni 10EC, na moja ya aina yake. Mashine, basi, haikujua kusema na kadi, wala haikujua hiyo kadi hufanya nini kwa undani. Ila ilijua kwamba ipo, ilijua mahali ilipo, na ilijua alama yake kwa uhakika kiasi cha kwamba tarjumani wake akija, aliyebeba karatasi yenye alama hiyo hiyo, atatambulikana pale pale miongoni mwa maelfu. Na kweli, katika faili moja ya maandishi iliyo ndani ya kifurushi cha draiva, mstari ule umo, herufi kwa herufi.

Menoni aliugawa ulimwengu mafungu mawili, wajuao na wasiojua, akasahau fungu la tatu ambalo ndilo makazi ya kila mwanafunzi: wanaoijua alama ya wasichokijua. Nimesomesha watoto miaka mingi, na tofauti hii naiona kila siku mkekani. Mmoja ukimwuliza kwa nini amenyamaza hujibu kwamba hajui, na macho yake yanazunguka chumba kizima. Mwingine huweka kijiti chake juu ya herufi moja katika mstari, akakitua pale, asiseme neno. Wote wawili hawajui, ila huyu wa pili amekwisha nifanyia nusu ya kazi yangu.

Hata hivyo kijiti kilichotuliwa juu ya herufi hakiisomi herufi. Hapa ndipo ninapokabiliana na kitabu ambacho nilipokuwa kijana nilikipenda kupita kiasi, nami nilikichukua kuwa ni hoja ya mwisho dhidi ya kila mtu aliyetaka kunifundisha kitu: kisa cha Hayy bin Yaqdhan, kilichotungwa katika karne ya 12 na Ibn Tufayl wa Andalusi, tabibu wa sultani Abu Yaqub Yusuf wa dola ya Muwahhidina, aliyefariki mwaka 1185. Hayy ni mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, bila baba, bila mama, bila neno; akalelewa na paa; na paa alipokufa akampasua kifua kwa jiwe na mwanzi ili akione kilichotoka, na kutoka hapo, kwa akili yake tupu, daraja baada ya daraja, akajua miili na umbile, nyota na mwendo wake, hata akamjua Aliye Wajibu Kuwapo na kuzama katika kumtafakari. Kilipogeuzwa kuwa Kilatini mwaka 1671 kilipewa jina lenye maana ya mwanafalsafa aliyejifundisha mwenyewe, nalo ndilo lililotufurahisha vijana wengi. Mashine isiyo na mtandao, ingefaa niseme, ni Hayy wa vyombo: inahesabu, inaandika, inapanga, wala haimwombi mtu kitu.

Nampa Hayy haki yake, na kwa moyo mweupe. Upweke si ujinga, na yapo mambo ambayo mtu huyapata akiwa peke yake tu. Lakini niliporudi kukisoma kisa kile ukubwani niliona kitu ambacho ujanani macho yangu yalikipita kwa kasi, nacho ni maziwa. Ibn Tufayl anasimulia riwaya mbili za kuzaliwa kwa Hayy: moja kwamba alifinyangika katika udongo uliochachuka kwa wastani wa hewa ya kisiwa, na nyingine kwamba mama yake, dada wa mfalme, alimtia katika sanduku na kumkabidhi kwa bahari. Riwaya zote mbili, zinazopingana katika kila kitu, zinakutana kwa paa. Hata mtoto wa udongo, asiyedaiwa na baba wala mama, alilia, na kilio chake kikasikiwa na mnyama aliyepotelewa na mwanawe, akaja akamnyonyesha. Mtungaji aliyetaka kutuonyesha akili iliyojitosheleza hakuthubutu kumnyima matiti. Na Hayy alipokuwa na umri upatao miaka 50, akakutana na Absal, mchamungu aliyekuja kisiwani kutafuta faragha, hakuweza kumwambia hata moja kati ya yote aliyoyajua. Ilibidi Absal amwonyeshe vitu kwa kidole, kimoja kimoja, na kuvitaja majina, mpaka ulimi wake ukafunguka. Mjuzi mkubwa kuliko wote kisiwani, na kadi yake ilikuwa na alama ya kuuliza.

Lakini aliyeifikia dauri hii akiwa ndani yake, na akatuachia habari ya jinsi alivyotoka, ni Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki huko huko mwaka 1111. Katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal anaeleza kwamba alianza kuzitilia shaka hisia, kwa kuwa jicho huona kivuli kimesimama ilhali kinakwenda. Akakimbilia kwenye misingi ya awali ya akili, kama vile kumi kuwa zaidi ya tatu. Kisha akajiuliza kama si huenda juu ya akili kuna hakimu mwingine atakayeikadhibisha, kama akili ilivyozikadhibisha hisia. Akajaribu kujitibu, asiweze. Na sababu aliyoitoa ya kutoweza ndiyo iliyonifanya nisimame katikati ya maktaba siku ile. Shaka hiyo isingeondolewa ila kwa burhani, na burhani haijengwi ila kwa misingi ya awali, na misingi ya awali ndiyo iliyokuwa imetiliwa shaka. Tazama: haja yake iko mtandaoni, na njia ya kwenda mtandaoni ndiyo haja yake. Alikaa katika ugonjwa huo karibu miezi miwili, na akapona, asema, si kwa kupanga hoja wala kutunga maneno, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake.

Wapo waliomlaumu kwa jawabu hilo, wakasema kwamba mwanafalsafa aliyeshindwa amekimbilia msikitini. Lawama hiyo naiona si ya haki. Ghazali hakusema kwamba burhani hazina kazi. Alizitumia baada ya hapo kwa ukali ambao mahasimu wake waliujua. Alisema tu kwamba zina mwanzo, na kwamba mwanzo wake si mojawapo ya burhani hizo. Mtu anayemkatalia hilo na atuonyeshe ni kwa hoja gani aliifikia hoja yake ya kwanza. Sithubutu kuilinganisha nuru ile na kitu kilichotoka mfukoni mwa kijana wa mtaani kwetu. Ninachosema ni kwamba umbo la haja ni moja, na katika hali zote mbili msaada haukupitia mlango ambao ulikuwa umefungwa. Na mwenye kuona haya kwa kuwa alipewa, anayepita akijisifu kwamba amejifundisha mwenyewe kila kitu, nashindwa kumwelewa. Hata lugha anayojisifia aliwekewa masikioni na mtu aliyekuwa akimwogesha.

Alirudi kijana, akaingiza flashi, akauelekeza mfumo mahali faili zilipo. Likatokea dirisha la onyo, likisema kwamba programu hii haikufaulu mtihani wa kuthibitishwa, na chini yake vitufe viwili, kuendelea au kusimamisha. Na kidole chake kilikuwa kimekwisha kushuka.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Umeipata kwa nani?"

"Kwa wenyewe waliotengeneza kadi, Maalim. Si kule kwingine."

"Na umepata kuitumia?"

"Kazini kwetu iko mashine inaitumia mwaka wa pili huu. Faili ni hii hii, nimeinakili kutoka pale nikailinganisha na ya wenyewe."

Sikumwuliza kwa kumdhania vibaya. Tarjumani huyu hakai ukumbini pamoja na programu nyingine, ambazo mfumo huzitenga na kuzichunga. Huingizwa mpaka kiini cha mfumo, daraja ya sifuri kama waiitavyo wataalamu, ambapo hapana mlinzi juu yake, na kosa lake moja huangusha nyumba nzima na kuacha kioo cha buluu. Na kibaya zaidi ni kwamba aliye muhitaji kuliko wote ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kukagua anachopewa, kwa sababu cha kukagulia nacho kiko ng'ambo. Wako watu wanaolijua hilo, nao hutandaza mitego yao hapo hapo, wakiwapa wenye shida draiva zenye sumu kwa majina mazuri. Udhaifu huo ni wa mashine, na ni wa kila mtoto, na ni wa kila aliyesimama na shaka moyoni akitafuta wa kumwongoza. Na kwa watu wa namna hii khiyana haina kipimo.

Waundaji wa mifumo waliweka dawa, nayo ni saini: mwenye draiva huipiga muhuri kwa ufunguo wake wa siri, na muhuri huo unathibitishwa na mwingine aliye juu yake, na huyo na mwingine, mpaka kwa wachache ambao mfumo umezaliwa ukiwaamini. Mwanafunzi wa hadithi hatahitaji kuelezwa. Hiyo ni sanadi, mnyororo wa wapokezi. Lakini mwaka 2010 ilipogunduliwa programu ya kuharibu iliyoitwa Stuxnet, iliyokusudiwa mitambo ya kurutubishia urani kule Natanz nchini Iran, draiva zake zilikutwa na saini ya kweli ya Realtek, nyumba ile ile ya kadi yetu, ambayo ufunguo wake ulikuwa umeibwa. Na cheti cha saini hiyo kilipofutwa mwezi wa Julai, ikatokea draiva nyingine yenye saini ya JMicron, jirani yao wa Taiwan. Muhuri ulikuwa sahihi na mkono ulikuwa wa mwizi. Na miaka mingi kabla ya hapo, katika hotuba ya kupokea tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984, mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi programu inayogeuza maandishi ya wataalamu kuwa lugha ya mashine inavyoweza kutiwa hila isiyoacha alama katika maandishi hayo, akafikia kwamba huwezi kuamini programu ambayo hukuiunda yote mwenyewe. Hakuna mtu aliyeiunda yote mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyesalimika na kuamini. Wanazuoni wa hadithi walilitambua hilo kwa njia yao, kwa kuwa hawakutosheka na mnyororo kuungana. Waliuliza juu ya kila pete, kama ni mtu mwadilifu, na kama kuhifadhi kwake ni madhubuti, na ni nani aliyeishi naye akamjua. Mimi nilimjua kijana huyu tangu akitua kijiti chake juu ya herufi.

Nikampa ishara, akabonyeza.

Alama ya manjano ikafutika, na mahali pake pakaandikwa jina kamili la kadi. Lakini mtandao haukuja. Mashine ilikuwa imejipa anwani inayoanza na 169.254, na kijana akatikisa kichwa, akaniambia kwamba hiyo si anwani ya kupewa: ni ile ambayo mashine hujitungia yenyewe ikiwa imeita na hapana aliyeijibu, na kwa anwani hiyo haiwezi kwenda popote ila kusemezana na majirani ambao nao hawakujibiwa. Waya ulikuwa umelegea upande wa pili, ukishika na kuachia. Akausukuma mpaka ukalia, na safari hii nikamwomba anisimulie kinachopita. Mashine, alisema, haina anwani, kwa hiyo mahali pa jina lake huandika sifuri nne. Haimjui wa kumwita, kwa hiyo huita wote, kwa 255 mara nne. Na inachosema ni kwamba iko na inahitaji. Mmoja hujibu kwa kuitajia anwani; mashine huirudia anwani hiyo na kuiomba; naye huithibitisha. Maneno manne. Nimesoma vitabu vingi juu ya adabu za dua, na sikumbuki kimoja kilichonieleza wazi zaidi hali ya mwombaji asiye na cha kutanguliza.

Ilipokwisha kupokea, tukaona kwamba kurasa nyingi za siku hizi hazifunguki kwake, kwa kuwa zimegeuza lugha yao ya siri na kivinjari cha mfumo huu hakikupata kujifunza ile mpya. Halikunisikitisha. Haja yangu ilikuwa orodha ya miswada iweze kunakiliwa kila usiku katika mashine ya pili iliyo ofisini, isije diski ikafa tena na kuzika majina ya wazee, na njia hiyo fupi, kutoka chumba hadi chumba, ilifunguka. Nyingine kijana aliifunga kwa makusudi, akaniambia kwamba mfumo usiotunzwa haufai kuachwa barabarani.

Alipotaka kuchomoa flashi aondoke nayo, nikamwomba aichome draiva ile katika sahani kwanza. Akashangaa.

"Maalim, nani ataitafuta hii?"

"Aliye hapa siku diski itakapokufa tena," nikamjibu. "Huenda wewe na mimi hatutakuwapo."

Akaichoma. Nikachukua kalamu nikaandika juu yake, kwa mkono wa pole pole, namba ya kadi yote kama ilivyosomeka kiooni, na jina la mfumo, na nyumba ilikotoka, na jina la kijana kuwa ndiye aliyeileta, na tarehe ya siku hiyo kwa miezi yetu na kwa miezi yao. Kisha nikaifungua orodha, nikashuka mpaka chini ya mswada wa mwisho, nikaiandikisha kwa namba inayofuata katika safu ya wakfu, nikaitia katika droo iliyo chini ya mashine, tukafunga mlango kwenda kuswali.